Utasa wa Namba: Kisa cha 4,294,967,297

Miongoni mwa istilahi za hisabati zilizokwisha kuzoeleka shuleni ni 'namba tasa'. Katika lugha ya kila siku tasa ni kiumbe asiyezaa. Twapenda kuonyesha, kwa historia ya namba moja kubwa, jinsi sura ya neno iwezavyo kumpoteza mwalimu au mfasiri asiyeishika fasili yake.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa, alizichunguza namba zipatikanazo kwa kuongeza 1 kwenye 2 yenye kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16 na kuendelea hivyo. Tano za kwanza ni 3, 5, 17, 257 na 65,537, na zote ni tasa. Akaamini kwamba zinazofuata nazo ni tasa, ingawa alikiri kuwa hakuwa na uthibitisho. Ya sita ni 4,294,967,297. Ni witiri, wala haigawanyiki kwa 3, 5 au 7. Kwa kuitazama tu, mtu hana sababu ya kuishuku.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mzaliwa wa Uswisi aliyekuwa akifanya kazi St. Petersburg, Urusi, alionyesha kwamba 641 huigawanya bila baki, na jawabu ni 6,700,417. Baadaye alithibitisha kwamba kila kigawo tasa cha namba hiyo hakina budi kuwa kigawe cha 64 kilichoongezwa 1. Kwa hiyo hakuna haja ya kujaribu namba tasa zote: 193, 257, 449 na 577 zikishindwa, inayofuata ni 641.

Hapa ndipo istilahi zetu zinapoonekana kupingana. Neno 'zao' latokana na kuzaa. Nasi twasema kuwa 4,294,967,297 ni zao la 641 na 6,700,417, ambazo zote mbili ni tasa! Kumbe tasa huzaa; asichoweza ni kuzaliwa kwa kuzidisha namba zilizo ndogo kuliko yeye.

Je, tuibadili istilahi? Hatuoni sababu. Neno limeenea, ni fupi, na halina mshindani. Linalotakiwa ni fasili kamili: namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, yenye vigawo viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Mwalimu asemaye tu kwamba 'hugawanyika kwa 1 na kwa yenyewe' huiingiza 1 kwa makosa.

Mfasiri naye ajihadhari. Namba ya nane katika orodha ya Fermat, yenye tarakimu 39, ilithibitishwa mwaka 1905 kuwa si tasa, ilhali vigawo vyake vilipatikana mwaka 1970. Kwa hiyo 'si tasa' na 'vigawo vyake vinajulikana' ni kauli mbili, na kila moja yastahili kutafsiriwa kwa maneno yake.