Neno "Baya" Lilipofutwa

Mwaka 1887, mjini Warsaw, daktari kijana L. L. Zamenhof alichapisha kitabu kidogo cha lugha aliyoibuni mwenyewe, ile inayoitwa leo Kiesperanto. Alizaliwa Białystok, mji ambamo Wayahudi, Wapoland, Warusi na Wajerumani waliishi kwa kutiliana shaka, naye alitamani lugha ambayo maskini angeweza kujifunza bila kumaliza miaka shuleni. Kwa hiyo kila kivumishi huishia kwa "-a", na kinyume chake huundwa kwa kutanguliza "mal-": "bona" ni zuri, "malbona" ni baya.

Mwaka 1949 George Orwell alichapisha riwaya yake kuhusu dola lililobuni lugha ya kuwatawala watu. Humo, "bad" limefutwa. Limebaki "good" na kinyume chake, "ungood". Orwell hakuwa mgeni wa Kiesperanto: dada wa mama yake aliishi Paris na Eugène Lanti, mwanaharakati mashuhuri wa lugha hiyo.

Wanafunzi wangu huniuliza: kanuni moja yawezaje kukomboa na kufunga? Jibu langu ni kwamba tusiitazame kanuni, tumtazame aliyeshika kamusi. Mwaka 1912 Zamenhof aliacha rasmi uongozi wa harakati zake. Lugha ikawa mali ya wasemaji, na washairi wakaongeza "mava" kando ya "malbona". Katika dola la Orwell, kamusi hupungua kila toleo, na msemaji hana ruhusa ya kuongeza hata neno moja. Haishangazi kwamba miaka ya 1937 na 1938 utawala wa Stalin uliwakamata Waesperanto kwa wingi: waliandikiana barua na walimwengu bila kuomba kibali.

Sisi hatukutungiwa sheria yoyote, lakini tazama ripoti za ofisi zetu. Barabara mbovu imekuwa "yenye changamoto". Hesabu za uongo, "zenye changamoto". Mradi ulioibiwa, "wenye changamoto". Vivumishi vitatu vimemezwa na kimoja, na pamoja navyo limemezwa swali la nani awajibike.

Ndugu mtumishi wa umma, kabla ya kutia saini ripoti yako, jiulize: ni mbovu, ni ya uongo, au imeibiwa? Kiswahili bado kinayo maneno hayo yote. Tuyatumie.