Thika na Ruiru: Safari ya siku moja inayohitaji msimulizi

Zinapotajwa safari za siku moja za kutazama makasri, bustani na miji mikongwe ya soko, fikra za wengi huelekea Uingereza au, kwa hapa nchini, Kasri la Lord Egerton lililoko Njoro, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka wa 1938 na kukamilika 1954. Ni wachache wanaokumbuka kwamba barabara kuu ya kutoka Nairobi kuelekea Thika, ambayo maelfu ya wasafiri huipita kila siku wakienda kazini, hupakana na mabaki mengi ya historia ya taifa hili. Tangu barabara hiyo ilipopanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka wa 2012, mtu anaweza kuondoka jijini asubuhi, akazuru Ruiru, Thika na Mlima Kilimambogo, na kurejea nyumbani kabla ya jua kutua.

Hata hivyo, mgeni anayekwenda peke yake huona maporomoko ya maji, mti na kaburi, kisha hurudi na picha tu. Sehemu nyingi za eneo hili hazijieleze zenyewe. Ndiyo maana mwongozaji mwenye ujuzi ni muhimu kuliko gari zuri.

RUIRU NA KAHAWA

Kituo cha kwanza ni Ruiru. Mji huu ulikua katikati ya mashamba makubwa ya kahawa ya walowezi, na hadi leo ndiko iliko taasisi ya utafiti wa zao hilo. Aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11, inayostahimili chulebuni na kutu ya majani, ilitolewa hapo kwa wakulima mwaka wa 1985 na kulibeba jina la mji huu hadi katika vitabu vya kilimo vya mataifa mengine.

Mwongozaji anayejua kazi yake hataishia hapo. Atawaeleza wageni kwamba kwa miongo mingi Mwafrika aliruhusiwa kuichuma kahawa ya mlowezi ilhali akizuiwa kupanda yake mwenyewe, na kwamba Wakikuyu wa Kiambu walisubiri hadi miaka ya 1950 ndipo wakaanza kupata vibali. Aidha, atawaonyesha jinsi mashamba hayo yanavyotoweka. Tatu City, mji mpya unaoendelea kujengwa, umesimama juu ya lililokuwa shamba la kahawa, na mitaa mingine mingi ya makazi imefuata mkondo huo huo. Anayetaka kuiona mibuni hiyo mizee ya Ruiru afanye haraka.

THIKA, MJI WA MITO MIWILI

Thika iko yapata kilomita 40 kaskazini mashariki mwa Nairobi, karibu na mahali ambapo mito Chania na Thika hukutana. Reli kutoka Nairobi ilifika hapa mwaka wa 1913, na kuanzia hapo mahali palipokuwa kituo cha kupumzikia wasafiri pakawa mji wa soko, kisha mji wa viwanda. Mkonge, kahawa na baadaye mananasi vilipitia hapa vikielekea Mombasa.

Jengo linalotajwa sana na wageni ni hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka wa 1908 kati ya maporomoko ya Chania na yale ya Thika. Mtu anaweza kuketi katika bustani yake na kuyasikia maji ya mito yote miwili. Wageni wengi kutoka ng'ambo hulijua jina la Thika kupitia kitabu cha Elspeth Huxley, The Flame Trees of Thika, kilichochapishwa mwaka wa 1959, ambamo mwandishi alisimulia utoto wake katika familia ya walowezi.

Lakini Thika ina bustani nyingine, na hii yafaa kuzuriwa kwanza. Ni Bustani ya Mugumo. Katika mila za Wakikuyu, mugumo ni mti mtakatifu, na chini yake wazee walisali na kutoa kafara. Inasimuliwa kwamba Mugo wa Kibiru, mtabiri aliyeishi kabla ya ukoloni, alitabiri ujio wa wageni weupe na wa nyoka wa chuma, na kwamba utawala wa wageni hao ungekoma siku ambayo mugumo wa Thika ungeanguka. Simulizi hiyo huendelea kueleza kuwa wakoloni, kwa kuhofia utabiri huo, waliufunga mti kwa chuma ili usianguke. Mti ukapigwa na radi, ukapasuka na kuanguka, na mnamo Desemba 12, 1963 Kenya ikapata uhuru.

Asiyesimuliwa hayo huona uwanja mdogo wenye miti katikati ya kelele za mji. Aliyesimuliwa huvua kofia.

MAPOROMOKO NA KABURI LA MLIMANI

Kutoka Thika, barabara ya Garissa humfikisha msafiri kwenye maporomoko ya Fourteen Falls katika Mto Athi, umbali wa kilomita 20 na ushei. Maji huteremka kwa mikondo mingi kwenye mwamba mpana, na wakati wa masika ngurumo yake husikika kwa mbali. Hapa tahadhari inahitajika: mawe yanateleza na mkondo una nguvu. Isitoshe, mto huu hupokea maji ya Mto Nairobi pamoja na taka zake, hivyo haifai kuyaogea wala kuyanywa.

Ng'ambo ya mto kuna mlima ambao Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, yaani mlima mkubwa, na wengine huuita Kilimambogo kwa sababu ya nyati wake. Una urefu wa mita 2,145, na tangu mwaka wa 1967 umekuwa mbuga ya kitaifa. Anayetaka kuupanda kwa miguu sharti aandamane na askari wa wanyamapori.

Njiani kuelekea kileleni ndipo alipozikwa William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani aliyemiliki maelfu ya ekari katika eneo la Juja, na ambaye alimkaribisha Theodore Roosevelt shambani kwake mwaka wa 1909. Alifariki mwaka wa 1925. Inasimuliwa kwamba alitaka kuzikwa kileleni, lakini mwinuko na uzito wa jeneza vikawashinda waombolezaji, wakamzika kabla ya kufika. Nyumba yake kubwa iliyo karibu na mlima huo wenyeji huiita kasri.

Hapa pia kisa kina pande mbili. Mjane wake, Lucie, alijenga maktaba ya McMillan jijini Nairobi kwa kumbukumbu ya mumewe, ikafunguliwa mwaka wa 1931, ila Waafrika hawakuruhusiwa kusomea humo hadi uhuru ulipokaribia. Mwongozaji anayesifu ukarimu wa tajiri huyo bila kutaja mlango uliofungwa, wala kuuliza nani aliishi katika ardhi hiyo kabla yake, amewanyima wageni wake nusu ya historia.

KUMPATA MWONGOZAJI

Waongozaji watalii nchini hutahiniwa na chama chao cha kitaaluma, kilichoanzishwa mwaka wa 1996, na hupewa vyeti vya shaba, fedha na dhahabu. Msafiri ana haki ya kuuliza cheti hicho kabla ya kulipa. Vilevile ni vyema kumwuliza kama anafahamiana na wazee wa sehemu husika, kwani mengi ya Mugumo na ya mashamba ya walowezi hayajaandikwa, na kila mzee anapofariki huondoka na sehemu yake.

Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka wa 2006 inaruhusu mahali pa kihistoria patangazwe kuwa turathi ya kitaifa na kulindwa. Lakini sheria hulinda mawe na miti. Masimulizi hulindwa na wanaoyauliza, na mwanafunzi wa Ruiru au Thika anayajua maporomoko ya Niagara kutoka vitabuni kuliko mugumo ulio umbali wa nauli ya matatu. Walimu na wazazi wanaopanga ziara za muhula ujao wana pa kuanzia.