Kulandana

Wachoraji wa katuni za kompyuta wanapokwama husema, “Sauti imechelewa.” Mara nyingi neno hilo linawapoteza. Sauti iliyochelewa hubaki nyuma kwa kiasi kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Isogeze fremu chache, kazi imekwisha. Tatizo sugu ni jingine: mdomo na maneno huanza pamoja, kisha huachana kidogo kidogo. Hapo ndipo Kiswahili kinatupa kitenzi barabara: sauti na picha hazilandani.

Asili ya kutolandana huwa kwenye hesabu. Katuni iliyochorwa kwa fremu 24 kwa sekunde, ikitolewa kwa 23.976, picha zake za dakika 10 hurefuka kwa sekunde 0.6. Sauti haikurefuka. Kuisogeza kutaponya mwanzo na kuharibu mwisho, au kinyume chake. Dawa ni kurekebisha idadi ya fremu kwa sekunde katika mpangilio wa mradi kabla ya kutoa video.

Tatizo jingine ni programu kuzimika katikati ya kutoa video, nalo lina dawa yake. Katika programu ya Blender, toa picha mojamoja za PNG badala ya faili moja la video: ikizimika baada ya fremu ya 700, unaendelea na ya 701. Sauti iunganishe mwishoni.

Nawasihi walimu wa fani hii wafundishe maneno mawili, kuchelewa na kutolandana, kwa kuyatenganisha. Iliyochelewa husogezwa, isiyolandana hurekebishwa kasi.