Ngozi inayopumua: maana yake kwa mnunuzi na msafirishaji

Wauza viatu na mikoba hupenda kusema kuwa ngozi halisi inapumua. Maana yake si kwamba hewa inapita kama kwenye chandarua. Kupumua kwa ngozi ni uwezo wake wa kupokea mvuke wa maji upande mmoja na kuutoa upande wa pili. Sifa hiyo hupunguza jasho ndani ya kiatu. Sifa hiyo hiyo huharibu mzigo wa ngozi uliofungwa vibaya ndani ya kontena.

Inavyofanya kazi

Ngozi ya ng'ombe, mbuzi au kondoo imeundwa na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizosukana kila upande. Kati ya nyuzi hizo kuna nafasi ndogo sana. Mguu unapotoa jasho, nyuzi hunasa mvuke, kisha mvuke hutoka upande ulio mkavu zaidi. Kusindika ngozi kwa kromiamu au kwa magome ya miti kama miwati hakuzibi nafasi hizo. Kinachoziba ni rangi nzito na plastiki inayopakwa juu.

Si kila ngozi halisi inapumua

Ngozi iliyopakwa rangi nyepesi hupumua vizuri. Ngozi inayong'aa kama kioo, na ile ya safu ya chini iliyobandikwa plastiki nene, hupumua kidogo sana.

Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 1994 kuhusu lebo za viatu linatenganisha aina hizi. Tabaka la juu likizidi milimita 0.15, bila kupita theluthi moja ya unene wote, bidhaa huitwa ngozi iliyopakwa. Kwenye lebo, picha ya ngozi iliyotandazwa ni ngozi. Picha hiyo ikiwa na umbo la almasi ndani ni ngozi iliyopakwa. Almasi peke yake ni vitu vingine, ikiwemo plastiki. Sehemu ya juu, bitana na soli kila moja huwa na alama yake. Angalia zote, kwani kiatu cha ngozi chenye bitana ya plastiki hakipumui.

Kwa viatu vya usalama vya ngozi, kiwango cha kimataifa ISO 20345 kinataka sehemu ya juu ipitishe mvuke usiopungua miligramu 0.8 kwa sentimita ya mraba kwa saa. Ukiagiza buti za kiwandani au mgodini, omba cheti cha kipimo.

Kupima sokoni

- Tazama ukingo uliokatwa. Ngozi huonyesha nyuzi. Ngozi ya bandia huonyesha kitambaa na tabaka la plastiki.
- Dondosha tone la maji. Likinywewa na sehemu ikabadilika rangi, uso uko wazi. Likibaki juu, uso umepakwa, hata kama ngozi ni halisi.
- Choma kipande kidogo. Ngozi hunuka kama nywele zilizoungua, plastiki huyeyuka.

Jambo hili lina uzito forodhani pia. Viatu vyenye sehemu ya juu ya ngozi na soli ya mpira, plastiki au ngozi huingia kichwa 6403. Vyenye soli na sehemu ya juu za mpira au plastiki huingia 6402, isipokuwa vile visivyopitisha maji vya kichwa 6401. Hati zikisema ngozi na mzigo ni plastiki, mwenye mali atajibu maswali mpakani.

Njiani

Ngozi inayoonekana kavu bado ina maji. Tani 1 yenye unyevu wa asilimia 14 imebeba kilo 140 za maji. Kontena likifungwa Mombasa au Dar es Salaam, hufungwa na hewa ya joto na unyevu. Lori likifika nyanda za juu, kama Nairobi au Mbeya zilizo karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, bati hupoa usiku na mvuke hugeuka matone yanayodondokea mzigo. Mchana jua hutoa tena unyevu kwenye ngozi. Lori likikaa foleni Malaba au Tunduma siku kadhaa, hali hiyo hujirudia kila usiku. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 70 hivi kwa muda, kuvu huota. Alama zake zikiingia kwenye nyuzi hubaki, na bei hushuka.

Mambo ya kuzingatia

- Usipakie ngozi au viatu vyenye unyevu wala kutumia chaga mbichi.
- Funga ngozi iliyokamilika kwa karatasi au kitambaa, si nailoni isiyopitisha hewa.
- Weka mifuko ya kunyonya unyevu na acha nafasi kati ya mzigo na bati.
- Usichanganye na mazao mabichi au ngozi zenye chumvi.
- Ngozi ya bluu iliyotoka kwenye kromiamu ni kinyume: ina maji mengi kwa makusudi, hivyo hufunikwa plastiki isikauke.

Msafirishaji aandike hali ya mzigo kwenye hati kabla ya kufunga milango, na mpokeaji aukague kabla ya kutia saini. Kuvu ikigundulika baadaye, maandishi hayo ndiyo yatakayoonyesha nani alipe.