Msambara, si Urujuani wa Afrika

Orodha ya majina ya maua tuliyoletewa hapa Namuwongo, Kampala, kwa ajili ya darasa la Kiswahili imeandika "urujuani wa Afrika". Niliiandikia kamati iliyoitunga nikalipinga jina hilo, nikajibiwa kwamba limeshazoeleka. Kwa nani? Wanaouza miche kando ya barabara hapa kwetu hawalijui. Na aliyeko Kampala ana haja gani ya kuambiwa ua ni la Afrika?

Urujuani ni rangi. Waarabu husema urjuwani, Waajemi arghavani, na kwa Waajemi arghavan ni mti unaochanua maua ya rangi hiyo kabla ya kutoa majani. Lilipofika pwani yetu, neno lilikuwa limeuacha mti na kubaki na rangi. Kulirudisha sasa kwenye mmea wa ukoo mwingine kabisa ni kuvuruga. Tena ua hili lipo jeupe na lipo la waridi: tuseme "urujuani mweupe"?

Asili yake ni milima ya Usambara. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mtawala wa Kijerumani wa Tanga, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Mwaka uliofuata Hermann Wendland akaliita Saintpaulia ionantha. Linaloniuma ni kwamba mtawala huyo alikijua Kiswahili. Mwaka 1890 alikuwa ametoa kitabu cha kukifundisha, Suaheli-Handbuch. Hata hivyo ua likaondoka na jina la ukoo wake, na sisi tukabaki bila jina.

Jina ninalolitetea ni msambara kwa mmea, sambara kwa ua, kama mwaridi na waridi. Wajerumani wenyewe katika usemi wa kila siku huliita ua hili kwa jina la Usambara. Itakuwaje Kiswahili kilione geni? Mpinzani wangu mmoja hudai kwamba msambara utadhaniwa kuwa mtu. Wenyeji wa milima hiyo ni Washambaa, au Wasambaa, wala hatuwaiti Wasambara. Na hata tungewaita hivyo, lugha ilikwisha kulimaliza jambo hili zamani: Mhindi ni mtu, wingi Wahindi, mhindi ni mmea, wingi mihindi, na zao lake mahindi. Hakuna mkulima aliyewahi kuwachanganya shambani.

Wanaotaka "santipaulia" wamechelewa. Mwaka 2015 wanabotania waliifuta jenasi ya Saintpaulia na kuiingiza katika Streptocarpus. Jina la mtawala limeondolewa na wale wale waliolihitaji, halafu sisi ndio tulitunze?

Kwa watakaoupanda: msambara hautaki maji baridi juu ya majani, na jani lake moja likichomekwa kwenye udongo wenye unyevu hutoa mche.