Lenzi, Kuvu na Unyevu: Utunzaji wa Kamera Kisumu

Mji wa Kisumu, ulioko mita zipatazo 1,130 juu ya usawa wa bahari, umekaa ukingoni mwa Ghuba ya Winam, yaani mkono wa Ziwa Victoria unaoingia ndani ya Kenya, na mahali hapo swali la lini lenzi ya kamera ipelekwe kwa fundi halijawahi kujibiwa kwa hesabu ya miaka pekee. Mvua kubwa hunyesha kuanzia Machi hadi Mei, nyingine hufuata kuelekea mwisho wa mwaka, na hata kati ya misimu hiyo ziwa huendelea kutoa mvuke, kiasi kwamba lenzi iliyolala kabatini inaweza kuharibika upesi kuliko ile inayotumika kila siku.

Reli ilipoufikia ufuo huu, kamera zilikuwepo. Njia ya Reli ya Uganda ilifika Port Florence, kama kituo cha Kisumu kilivyoitwa wakati huo, tarehe 20 Desemba 1901, na William D. Young aliacha picha nyingi za ujenzi wake. Naye C. W. Hobley, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliwapiga picha wenyeji wa Kavirondo, kama eneo hili lilivyoitwa enzi hizo, na mwaka 1936 mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard alifanya vivyo hivyo miongoni mwa Waluo. Picha za wawili hawa zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Pitt Rivers mjini Oxford, na mwaka 2007 baadhi yake zilirudishwa Nyanza na kuonyeshwa kwa wananchi katika mradi ulioitwa Paro Manene. Wapigapicha wa aina hiyo walikuwa wapitaji au watumishi wenye likizo za Ulaya, kulikokuwa na karakana za vioo, hivyo vyombo vyao viliweza kusafiri pamoja nao. Mwenye studio mjini, ambaye riziki yake yote ilipita katika lenzi moja au mbili, hakuwa na nafasi hiyo.

Adui wake mkuu alikuwa kuvu. Mbegu zake, ambazo huelea hewani kila mahali, hutua juu ya kioo na kuanza kuota unyevu wa hewa unapokaa kwa muda mrefu juu ya kiasi cha asilimia 70, zikijilisha kwa vumbi, alama za vidole na mafuta ya kulainishia. Zikishaota hutoa asidi inayokula kwanza utando wa kupunguza mng'ao, uliobuniwa na Alexander Smakula wa kampuni ya Zeiss mwaka 1935, na hatimaye kioo chenyewe. Kuvu iliyosafishwa mapema haiachi alama, ilhali iliyochelewa huacha makovu ambayo hakuna fundi awezaye kuyafuta. Kwa hiyo uamuzi wa kungoja, ambao kwa vumbi ni wa busara, kwa kuvu ni wa hasara. Uzito wa jambo hili ulidhihirika duniani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, pale darubini na vyombo vya kulengea shabaha vilipoziba kwa kuvu huko New Guinea, na wanasayansi wa Australia, akiwemo Ethel McLennan wa Chuo Kikuu cha Melbourne, wakatafuta dawa ya kuizuia.

Uchunguzi wenyewe hauhitaji zana za gharama. Tundu la nuru hufunguliwa lote, tochi ndogo huelekezwa nyuma ya lenzi kwa pembe, na mchunguzi hutazama kutoka mbele: vumbi huonekana kuwa nukta zilizotawanyika, mafuta yaliyohama humeta juu ya vipande vyembamba vya chuma vinavyobana tundu hilo, na kuvu hujitokeza kama utandabui unaoanzia ukingoni na kuelekea katikati. Nukta chache hazionekani kabisa kwenye picha iliyosafishwa, na lenzi iliyofunguliwa bila sababu huweza kurudishwa ikiwa imepinda mhimili, yaani vioo vyake havikai tena katika mstari mmoja. Mafuta ni jambo jingine, kwa kuwa huvigandamanisha vile vipande na kuvuruga kiasi cha nuru kinachoingia. Kuyaondoa ni kazi ya springi na skrubu ndogo, iliyo karibu sana na ya fundi saa.

Aina ya kazi nayo ilikuwa na neno lake katika uamuzi wa kwenda kwa fundi. Kipande, yaani hati ya utambulisho ya enzi ya ukoloni, kilibeba alama za vidole bila picha, lakini pasipoti na vitambulisho vya baadaye vilidai sura iliyo wazi, ambayo lenzi yenye utando wa kuvu haiwezi kuitoa kwa kuwa weusi hupauka na ncha hufifia. Picha ya arusi ilistahimili zaidi, na pengine utando mwembamba ulimpendeza mteja kwa kulainisha ngozi, jambo ambalo huenda lilichelewesha safari nyingi za kwenda kwa fundi.

Kinga ilikuwa rahisi kuliko tiba. Mkoba wa ngozi, ulionunuliwa ili kuilinda kamera, hunyonya unyevu na kuilisha kuvu, kwa hiyo lenzi hukaa vizuri zaidi nje ya mkoba, katika kabati lenye balbu ndogo inayowaka daima. Wapigapicha wa nchi za joto walitumia pia mchele uliokaangwa mkavu na kuwekwa kwenye kopo pamoja na lenzi, na mchele, tangu kuanzishwa kwa mradi wa umwagiliaji wa Ahero mwishoni mwa miaka ya 1960, haukuwa bidhaa ya kutafutwa mbali na Kisumu. Desturi ya kuitenga lenzi yenye kuvu na nyingine ina faida ndogo kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa mbegu zimo hewani tayari, na kabati likiwa na unyevu, lenzi nzima iliyomo itaota kuvu yake yenyewe hata kama haina jirani mgonjwa.