Matairi, Gia na Matumizi ya Mafuta katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

Mji wa Sumbawanga upo takribani mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi na injini isiyo na tabo hupoteza zaidi ya asilimia 15 ya nguvu zake. Mmiliki anayebadilisha tairi la 195/65R15 na kufunga 205/70R15 ili kuinua gari huongeza mzingo wa tairi kwa asilimia 5 hivi. Gia zote huwa nzito, na dereva anayepanda kutoka Bonde la Ziwa Rukwa kwa barabara ya Ntendo–Muze hulazimika kurudi gia ya chini mapema zaidi. Aidha, kipimamwendo husoma pungufu: kikionesha kilomita 50 kwa saa, ambao ndio ukomo katika maeneo ya makazi, gari huwa linakwenda karibu 53.

Katika mteremko, wapo madereva wanaoondoa gia wakiamini wanaokoa mafuta. Sivyo. Injini nyingi za kisasa husitisha mafuta dereva anapoachia pedeli gari likiwa kwenye gia. Likiwa halina gia, injini huendelea kuyachoma, na breki hubeba mzigo wote. Gia ya chini iingizwe kabla ya mteremko kuanza.